Mwenye Shimo Ameshukuru

Mjukuu wangu alikuwa na miaka minne na miezi mitano alipokaa siku tisa bila kupata choo. Hesabu hiyo nina hakika nayo kwa sababu niliiweka mwenyewe, kwa penseli, kwenye kalenda ya jikoni: mkato kwa siku tupu, duara kwa siku ya heri. Mikato tisa ilifuatana kama uzio.

Hakuwa mgonjwa wa kulala. Nyumbani tunamwita Nyenje, kwa kuwa hanyamazi. Lakini kila baada ya chakula cha mchana alinyamaza, akasimama nyuma ya mlango wa chumba cha mama yake, miguu ameipishanisha, uso umeiva, jasho likimtoka juu ya mdomo. Tulidhani anasukuma. Tumbo lake lilikuwa gumu kama mpira uliojazwa upepo kupita kiasi.

Mke wangu ndiye aliyeanza matibabu. Alianza na papai bivu na maji ya ukwaju. Siku ya sita akaona mambo ya matunda yameisha, akateremsha kopo la sanamaki, akachemsha majani, akayapoza.

"Unampa kijiko kipi?" nilimuuliza.

"Kijiko ni kijiko."

"Kuna cha chai na kuna cha mezani. Dawa ni kipimo."

"Haya, Profesa. Wanao wanne nimewafungua matumbo kwa kijiko hikihiki, na hakuna aliyekuja kukuuliza kipimo."

Hilo la Profesa ni jina nililopewa mtaani. Nilikuwa fundi bomba miaka thelathini na minne. Kusoma nilijifunza ukubwani, katika madarasa ya jioni, na tangu hapo karatasi yenye maandishi hainipiti hivihivi. Wanaonicheka nawaacha wacheke.

Sanamaki ilimkata Nyenje tumbo jioni nzima. Alijikunja mkekani, akauma kona ya mto, akalia mpaka sauti ikakauka. Lakini hakuachia. Nimeona wanaume wenye vifua vipana wakikimbizwa na sanamaki. Mtoto huyu aliishinda. Hapo ndipo niliposhikwa na woga wa kwanza, kwa maana niliona kwamba hapigani na ugonjwa. Alikuwa anapigana na sisi.

Asubuhi tulimpeleka zahanati, mimi, mke wangu na binti yangu, mama wa mtoto. Tabibu alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono ya taratibu. Alimbonyeza Nyenje chini ya kitovu, akauliza amepewa nini. Mke wangu akaangalia dari.

"Bibi, sikugombezi," tabibu alisema. "Sanamaki hata sisi tunayo, imo ndani ya vidonge. Inaufanya utumbo ukaze na kusukuma. Sasa mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, ukisukuma sana unaumiza tu. Tulainishe kwanza."

Alitupa chupa ya dawa ya maji, nzito na tamu, inayovuta maji utumboni ili choo kilainike. Kipimo kilikuwa kikombe kidogo chenye mistari, asubuhi na jioni. Siku atakayopata choo tusiiache, tuendelee wiki kadhaa, maana utumbo uliotanuka hurudi polepole. Akae chooni dakika chache kila baada ya kula, miguu ikanyage kisanduku, na asigombezwe.

"Akitapika, au tumbo likizidi kuvimba, mrudisheni saa hiyohiyo," akasema. "Na siku tatu zikipita bado, njooni asubuhi. Tutamlaza, tutamwosha tumbo kwa mpira. Si kitu kizuri kwa mtoto anayeogopa." Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Maana huyu hashindwi. Anabana. Anaogopa nini?"



Tulifuata maagizo. Kikombe nilikipima mimi, nikikiinua usawa wa jicho. Siku ya nane uchafu wa majimaji ulimpita kwenye chupi bila mwenyewe kujua, ila lile jiwe lilibaki palepale. Chooni hakuingia. Tulimwekea ndoo chumbani, akaikataa pia, akalia: "Mtaenda kuimwaga kulekule!"

Siku ya tisa, baada ya chakula, niliketi karibu naye nyuma ya ule mlango.

"Mchumba wangu, unaogopa nini?"

Alinisogelea sikioni. "Mwenye Shimo."

Jina hilo nililitunga mimi.

Nieleze. Choo chetu ni cha shimo, nimekijenga kwa mikono yangu, na ukutani kwa nyuma kuna bomba la kutolea hewa linalotoka shimoni mpaka juu ya bati. Chini yake niliweka tundu lenye kifuniko cha kuzungusha, la kupitishia waya likiziba. Nyenje alipokuwa anaachishwa nepi aliogopa choo, nami nikabuni njia. Nilimwambia chini kuna Mwenye Shimo, mzee mpole asiye na shamba, anayeomba mbolea. Akimaliza haja, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, kifuniko wazi, mdomo kwenye tundu: "Asante. Nimepokea." Sauti ilitoka shimoni nzito na ya mbali. Mtoto alicheka, akaaga, akatoka. Nepi ziliisha kwa wiki moja. Nilijisifu mtaa mzima kwa njia yangu mpya, ila siri yake sikuitoa, na kifuniko nikakifunga. Hiyo ilikuwa miezi saba nyuma.

"Mwenye Shimo ni mpole," nilimwambia. "Si alikuwa anakushukuru?"

"Zamani. Sasa anasema vipande vyangu vimemtosha."

"Anataka nini?"

"Anasema nije mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu mama aninunulie viatu vya njano."

Viatu vya njano vilikuwa na wiki mbili.

Nilijiambia ni akili ya mtoto. Umempa mtu asiyekuwepo, naye amemlisha mpaka akakua. Aliyepanda ang'oe. Kesho ilikuwa mpira na kitanda cha zahanati, na mtoto angeingia humo akiamini kwamba watu wake wenyewe wanamtoa kafara. Basi niliwaita mke wangu na binti yangu sebuleni, nikasema yote mbele ya mtoto.

Binti yangu alifunika mdomo. Mke wangu aliweka ungo chini.

"Kumbe! Miaka yote msomi, msomi, na wewe ndiye jini la chooni!"

"Nilikuwa namsaidia."

"Umemsaidia siku tisa, baba. Na mimi nikasingiziwa kijiko!"

Nilistahili. Nikamgeukia Nyenje. "Ilikuwa sauti yangu. Leo utaingia na mama, mlango wazi. Mimi nitakwenda nyuma niseme palepale nilipokuwa nasemea. Ukisikia asante, ujue ni babu yako."

"Na yule mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Ilikuwa kama saa nane, jua kali, uani hapana kivuli. Mama yake alimketisha, miguu kwenye kisanduku. Mimi nilizunguka nyuma, nikapiga goti. Kifuniko kilikuwa kimeshika kutu. Nikakizungusha kwa mikono, kikagoma. Nikatoa leso nikakikamata nayo, kikagoma.

Ndipo niliposikia, ndani ya bomba, kifuniko kikiwa kimefungwa kabisa mkononi mwangu:

"Asante."

Nimeishi na mabomba. Najua yanavyokoroma, yanavyopiga mluzi, yanavyogonga maji yakikatwa ghafla. Hii ilikuwa sauti yangu, na kile kikohozi changu kidogo kabla ya neno. Ikaendelea kusema jambo jingine, chini zaidi, ambalo sikulishika.

Upande wa pili wa ukuta Nyenje aliita, "Babu! Ni wewe?"

Mdomo wangu ulikuwa umefungwa na meno yamekazana. Ningesema kweli, mtoto asingekanyaga pale tena maisha yake. Ningenyamaza, ingekuwa vilevile.

"Babu?"

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi, mchumba."

Alicheka. Kisha akalia kilio cha maumivu, kifupi, mama yake akimwambia "pole, pole, vuta pumzi, kinatoka," na nikasikia kile tulichokingoja siku tisa kikianguka. Kilichukua muda mrefu kufika chini kuliko kina cha shimo nilichopima mimi. Mke wangu alipiga vigelegele uani kama kwenye harusi.

Binti yangu alitoka na mtoto mgongoni, akanifuata nyuma ya ukuta, wote wameloa jasho, wanacheka.

"Baba, ahsante. Lakini ile ya mwisho ilikuwa ya nini?"

"Ipi?"

"'Mwache mtoto, nitampokea mzee.' Utani gani huo?"

"Utani wa mababu," nilisema. Leso ilikuwa bado imeshika kifuniko. Nilijaribu mara moja tena, kikazunguka kilaini kabisa, kama kilichopakwa mafuta. Nikakikaza haraka.

Dawa tunaendelea nayo kama tulivyoagizwa. Tabibu amesifu. Kwenye kalenda ni duara baada ya duara, na Nyenje anapiga kelele nyumba nzima. Ameniomba nisisimame tena nyuma ya ukuta, anasema yeye sasa ni mkubwa.

Mimi leo ni siku ya tano. Mke wangu ameshagundua. Amenikuta nimesimama ukumbini baada ya chakula, nimeshika ukuta. Hakunitania. Alichemsha majani yake, akaniuliza nataka kijiko kipi, nikanywa, na tumbo linanikata ninapoandika. Najua kitakachofuata, kwa kuwa nimesoma karatasi iliyobandikwa kwenye kopo lake mara tatu. Sanamaki haimshindi mzee wa umri wangu kwa kubembeleza.

Nyenje amekuja sasa hivi na viatu vyake vya njano, ameshika mkono wangu.

"Babu, twende," anasema. "Wewe ingia, usiogope. Mimi nitakwenda nyuma, nikusemee asante."