Bi Mkubwa Hataki Mke Mwenza

Gari lile lilikuwa likiitwa Bi Mkubwa kabla mwenye nyumba hajaoa. Kwa hiyo mke alipoingia, ndugu za mume walimpokea kwa mzaha: "Karibu, bi mdogo. Mwenzio yuko uani, nenda kamwamkie." Akacheka. Bibi harusi asipocheka siku ya kwanza ataambiwa ana kisirani. Hakujua kwamba mzaha ule angekula nao na kulala nao mpaka aote mvi.

Maana Bi Mkubwa alikuwa na tabia zake. Mume akiingia, huinama kidogo, hupeleka mkono chini kusogeza kiti, huzungusha ufunguo, na gari linanguruma. Akiingia mdogo wake, vivyo hivyo. Akiingia mke, kimya. Taa zinawaka, honi inalia, lakini stata ya kuamshia injini haipigi. Haikohoi hata kukohoa. Na mke huyu hakuwa wa kubahatisha. Alisoma udereva kwa jasho la cherehani yake, akafaulu mtihani mara moja, akarudi na leseni majirani wamejaa uani kumshuhudia. Bi Mkubwa akamnunia. Mume akaja, akakaa, akasogeza kiti, gari hilo, likawaka. Watu hawakuwa na mbavu.

"Gari hili linanusa damu ya ukoo," mume akatangaza. "Halafu wewe mkono wako mzito."

Jina likamganda kama gundi ya viatu: Mkono Mzito. Kwanza waliliita ndugu, kisha majirani, mwisho akajiita mwenyewe. Chakula kikiungua, "si mnajua mkono wangu." Leseni akaiweka chini ya vitambaa kabatini, hakuigusa tena. Isipokuwa siku moja.

Siku hiyo adhuhuri ililetwa habari kwamba mama yake mzazi amezidiwa, na kila akifumbua macho anamtaja yeye. Mume alikuwa safarini, ameondoka kwa gari la rafiki yake, na mdogo wake naye hakuwapo. Basi la siku lilikuwa limeshapita. Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Mkono Mzito akaingia garini na kanga aliyokuwa nayo, akazungusha. Kimya. Akamsihi Bi Mkubwa kwa majina yote mazuri, akamtukana kwa yote mabaya, mpaka jua likazama. Wifi yake, dada wa mume, alikuwa amesimama dirishani mwa gari kamshikia mkoba. "Pole, wifi yangu," alikuwa akirudia. "Ndivyo alivyo huyu." Mkono Mzito alipofika kwao kesho yake kwa basi, alikuta majamvi yanakung'utwa. Mama alikuwa ameshalazwa mchangani.

Miaka ikapita kwa mwendo wake. Mume akapigwa kiharusi, upande mmoja ukafa, maneno yakawa yanamtoka kwa tabu kama mtu anayetafuna kokoto. Bi Mkubwa akafunikwa turubai. Kuku wakataga chini yake.

Sasa kitinda mimba anaolewa, nyumba imefurika hadi watu wanalala kwa kupokezana mikeka, na bibi harusi kaja na lake jipya.

"Dada zangu wote walitoka hapa na Bi Mkubwa. Na mimi natoka naye. Na dereva ni wewe, mama."

"Unataka kuchelewa harusi yako mwenyewe? Mkono wangu huujui?"

"Baba hawezi. Baba mdogo anafika siku yenyewe, amechoka na safari. Nataka unitoe wewe uliyenilea."

Mkono Mzito akajitia hasira, akaenda kumenya vitunguu. Lakini machozi yale hayakuwa ya vitunguu. Usiku ule aliitoa leseni chini ya vitambaa. Asubuhi akamwita fundi.

Fundi alikuwa bonge la mtu, mdomo haufungi, anajua ndoa ya kila gari mtaani na ya kila mwenye gari. Alikuja na petroli safi na betri mpya, akafukuza kuku. Wanawake wakaacha masufuria, wakajipanga uani. Mume alikuwa barazani kwenye kiti chake, blanketi magotini.

"Haya mama, mpe salamu."

Mkono Mzito akazungusha ufunguo. Kimya.

"Nilisema mimi!" jirani mmoja akapasuka kwa kicheko. "Bi Mkubwa hataki mke mwenza!"

Fundi hakucheka. Akawasha taa za mbele. "Zungusha tena. Taa zinafifia?"

"Hazififii."

"Basi betri nzima, ila stata haijaambiwa kitu. Ingeambiwa, ingevuta umeme, na taa zingefifia." Akakwangua vichwa vya betri, akakaza waya wa bodi. Kimya vilevile. Akalala chini ya gari, akagusisha bisibisi kwenye stata. Cheche zikaruka, injini ikazunguka. Vigelegele vikapaa.

"Ngojeni kwanza!" akapiga kelele huko chini. "Huku siyo kuwasha, ni kumtekenya. Stata nzima. Mama, ufunguo unasema na stata ina masikio. Katikati hapa kuna mtu anazuia maneno."

Akachukua taa yake ndogo ya kupimia umeme. Penye ufunguo, ikawaka. Penye stata, haikuwaka. Akaufuata waya kwa vidole kama mtu anayefuata umbeya kwa aliyeuanzisha: chini ya dashibodi, chini ya zulia, mpaka chini ya kiti cha dereva. Hapo akanyamaza, na fundi yule kunyamaza ni habari.

"Mama, leta mkono wako."

Mkono Mzito akapeleka mkono chini ya kiti, pale pale mume alipokuwa akisogezea. Akagusa kiswichi, kidogo kama punje ya hindi.

"Gari halikuzaliwa na hiki," fundi akasema, uso umemchangamka. "Kimefungwa kwa ajili ya wezi! Mwizi hata aibe ufunguo, hafiki popote mpaka akibonyeze. Mzee alikuwa mjanja huyu!"

Mkono Mzito akauondoa mkono chini ya kiti.

"Mwizi," Mkono Mzito akasema polepole. "Kumbe."

Wifi akaanza kujipenyeza kurudi jikoni. Si mtu wa kuondoka palipo na maneno, huyu. Ndiyo maana Mkono Mzito akamwona.

"Wifi, ulikuwa unajua?"

"Aa, wifi, mambo ya zamani hayo. Kaka alituonyesha sisi ndugu zake tu, iwapo kutatokea dharura..."

"Siku ya mama yangu ulisimama dirishani hapa. Ulinishikia mkoba."

"Kaka alikuwa amenikataza nisimwambie mtu."

"Na mimi ni mtu."

Wifi akashika mdomo. Bibi harusi akamsogelea mama yake, akaondolewa kwa mkono, taratibu. Mkono Mzito akapanda barazani, akapiga magoti mbele ya mumewe, mikono bado inanuka vitunguu.

"Baba watoto. Mimi nilikuibia nini?"

Jicho lake zima likamtazama, likakimbia, likarudi. Mdomo ukahangaika sana kabla ya kutoa kitu.

"Unge... kwenda."

"Ningekwenda wapi?"

Akatikisa kichwa. Neno lilikuwa lile lile moja. "Ungekwenda."

"Ningekwenda kwa mama," akasema. "Halafu ningerudi. Ulikuwa mume wangu, ningerudi."

Akanyanyuka, akamrekebishia blanketi lililoteleza, maana mikono ina mazoea yake, akashuka uani.

"Nikikate, mama?" fundi akauliza, mkasi wa nyaya mkononi. "Niunganishe waya moja kwa moja, yaishe?"

"Kiache. Kila mtu hapa akijue."

Akaketi. Akabonyeza. Akazungusha ufunguo, na Bi Mkubwa akaamka mara moja, bila kisirani, kama mtu aliyekuwa akingoja kuitwa tu. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma, ambaye hakuwa amesikia kitu, akapiga kigelegele peke yake, akakatiza katikati.

Gari likajongea hadi getini, likazima. Alikuwa ameachia klachi haraka. Zamani angesema mkono wake mzito. Akakumbuka mwalimu wake wa udereva, akakanyaga klachi, akawasha upya.

"Wifi!" dada wa mume akamfuata mbio, viatu mkononi. "Unakwenda wapi na wageni wote hawa? Nani atasimamia sufuria?"

"Nakwenda kwa mama."

"Mama yako si... wifi, mama yako alishazikwa zamani!"

"Alizikwa nami sipo. Nilichelewa."

Geti likafunguliwa na bibi harusi mwenyewe, hina yake haijakauka. Barazani, mume alikuwa ameinua ule mkono wake mmoja mzima. Kama alikuwa anamwita au anamuaga, hakuna aliyethubutu kusema, na wenye maneno walikuwepo wengi siku ile. Mkono ulibaki juu mpaka ngurumo ya gari ikapotelea barabarani, kisha ukashuka wenyewe, mzito.