Nafasi ya Chungu

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale chuoni. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu kama wengine, na tasnifu yake ya historia ilikuwa imekaa mezani miaka mingi kuliko alivyopenda kuulizwa. Lakini kila mgeni aliyefika kwenye hosteli ya wanafunzi wa shahada za juu, na sanduku lake na uso wa kupotea, aliambiwa hivyohivyo: "Panda ghorofa ya tatu, muulize Shangazi." Yeye ndiye aliyejua karani gani wa usajili hujibu salamu, msimamizi yupi husoma kazi ya mwanafunzi na yupi huipima uzito kwa kiganja tu, na bomba gani la bafuni lina maji asubuhi.

Ijumaa alasiri chumba chake kilifurika. Waliowahi walikaa kitandani, waliochelewa walikaa sakafuni na kuegemea kabati, na chai ikazunguka katika vikombe visivyofanana. Mmoja alisoma sura ya tasnifu yake kwa sauti, na wenzake wakaichambua kama kuku aliyechinjwa. Aliyekaribia kutetea kazi yake walimweka kitini katikati, wao wakawa maprofesa, wakakohoa na kuvua miwani wasiyokuwa nayo. Mwenzao mmoja alipojifungua, walipeana zamu ya kumbeba mtoto ili mama yake aende maktaba. Yote hayo yalikuwa kazi ya Shangazi. Na kwa kuwa walimchagua awe mwakilishi wao, matangazo yote ya ufadhili, ajira na makongamano yalipitia kwake, naye aliyasoma siku hiyohiyo ya Ijumaa.

Binti aliyepatwa na mkasa huu alikuwa mwalimu wa kemia wa sekondari kabla ya kurudi kusoma. Alitaka kujua kama udongo wa mfinyanzi unaweza kuchuja maji ya visima yanayoharibu meno ya watoto. Hakuliokota swali hilo kitabuni. Darasani kwake wanafunzi walikuwa wakicheka huku wamefunika midomo kwa viganja. Siku ya kwanza alipoeleza utafiti wake, Shangazi alimwita Chungu, na jina likanata.

"Chungu cha kupikia au chungu kama shubiri?" aliuliza Wakili, mwanafunzi wa sheria aliyekuwa jirani yake wa mlango.

"Inategemea umeniamkia vipi," alijibu binti, na chumba kizima kikacheka.

Kwa Shangazi alikuwa kama mwana. Wakati wa homa alinyweshwa uji na Shangazi, na rasimu zake zilirudi na maelezo ya Shangazi pembeni, sentensi kwa sentensi. Lakini kazi yake ilikwama. Mashine ya kupimia madini ilikuwa imeharibika tangu kabla hajafika, imefunikwa shuka pale maabara kama maiti. Kila muhula waliambiwa fundi yuko njiani.

Ndipo akaja mtafiti mmoja kutoka chuo cha nchi nyingine kutoa mhadhara, mama wa makamo, mcheshi. Alitazama vichujio vya Chungu vimepangwa dirishani, akavigonga kwa ukucha, akasema, "Maabara yangu ina mashine mbili, na moja inalala tu. Njoo ufanye kazi nasi mwaka mmoja. Nitatuma mwaliko."

Chungu alisubiri. Wiki zikawa miezi. Aibu ilimzuia kuandika kukumbusha, asije akaonekana ombaomba.

"Watu wakubwa huahidi wakishiba," Shangazi alimwambia. "Usikae kusubiri embe chini ya mnazi, mwanangu. Kunywa chai."

Mwaka uliofuata chuo kiliandaa kongamano, na yule mtafiti akarudi. Walikutana kwenye korido wakati wa mapumziko. Mgeni alimshika Chungu mikono yote miwili, sura imejaa huruma.

"Mama anaendeleaje?"

"Mzima kabisa. Jana tu alikuwa ananigombeza kwenye simu."

"Afadhali! Nilihuzunika sana. Lakini nafasi ilibidi nimpe mwingine, naamini utanielewa."

"Nafasi ipi?"

Mgeni aliachia mikono yake polepole. "Nilimtumia mwaliko mwakilishi wenu. Nilipoona kimya nikapiga simu. Akaniambia mama yako yuko taabani, huna wa kumwachia, na kwamba umeomba usisumbuliwe."

Chungu alitoka nje na kumpigia mama yake, ingawa alijua ni mzima. Alitaka tu kusikia sauti. Kisha akarudi kuuliza kama bado kuna mlango. Mgeni alitikisa kichwa. Aliyepewa alishaanza, na mradi wenyewe ulikuwa unafungwa mwaka huo.

Shangazi alikuwa verandani anaanika shuka. Chungu hakumwamkia.

"Umemzushia mama yangu ugonjwa," alisema.

Shangazi alibaki na kibanio mkononi. Hakuuliza mama yupi wala ugonjwa gani.

"Nilidhani utakwenda mwakani," alisema. "Nafasi huwa hazikosekani kwa mtu kama wewe. Nilitaka nimalize kwanza, halafu wewe uende."

"Umalize nini, Shangazi? Mwaka huu wote umeandika ukurasa gani?"

"Sijaandika." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila nikikaa, nasikia mlango unagongwa, na nafurahi kwamba unagongwa. Wote niliowapokea wameondoka, Chungu. Nimewasindikiza getini, nimewapungia mkono. Mla nawe hafi nawe. Hakuna hata mmoja anayenijulia hali. Ulipoanza kuzungumzia kwenda, nikaona chumba kile kitakavyokuwa."

"Na mimi ulinionaje?"

Shangazi aliibana shuka kambani kwa kile kibanio. Shuka ilikuwa inadondosha maji miguuni mwake, naye hakusogea. Chungu aligeuka akaenda zake, maana alijiona anataka kupiga, na hakuwahi kumpiga mtu maishani.

Hakukusudia kulitangaza. Alimwambia Wakili peke yake, na Wakili akashindwa kulala nalo. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na Ijumaa akalisema mbele ya watu wote, Shangazi akiwa amekaa palepale na birika lake.

Mmoja akauliza kuhusu mkutano aliokosa kualikwa. Mwingine akakumbuka ajira iliyopita bila kutangazwa. Mwanahisabati mmoja aliyenyimwa ufadhili alisimama akamnyooshea kidole. "Kumbe ni wewe! Miaka yote nakunywa chai ya aliyenifungia riziki!" Chungu alijua hilo si kweli. Alikuwepo Shangazi alipomshonea yule bwana suruali ya kwenda kwenye usaili, na bwana mwenyewe ndiye aliyechelewa. Alimtazama Shangazi akitarajia ajitetee. Shangazi aliinamisha kichwa tu, akayapokea ya kweli na ya uongo pamoja.

"La huyo si kosa lake," Chungu alisema. "Langu ndilo lake." Lakini hakuna aliyesikia, vikombe vilikuwa vinarudishwa kwa kishindo na watu wanavaa viatu.

Tangu siku hiyo chumba cha ghorofa ya tatu kilifungwa. Wakachagua mwakilishi mpya, kijana mwadilifu sana, ambaye kila tangazo lilipofika alilirusha kwenye simu za wote saa hiyohiyo. Hakuna aliyekosa habari tena. Ila pia hakuna aliyesoma rasimu ya mwenzake, na yule mama mwenye mtoto alianza kuonekana maktaba na mtoto mgongoni, akitembeatembea kati ya rafu ili asilie.

Msimamizi wa Chungu alimwita. "Punguza mada," alishauri. "Acha kuuliza kama kichujio kinadumu. Uliza tu kama kinachuja." Chungu alikubali kwa shingo upande.

Alipokuja kumweleza mama yake kisa chote kwenye simu, alitarajia hasira. Mama alicheka kwanza. "Kwa hiyo niliugua, nikapona, na sikupata hata chungwa la mgonjwa!" Kisha akaacha kucheka. "Amekukosea vibaya, sikufichi. Sasa huko aliko, anakaa na nani?"

"Peke yake. Anahama mwisho wa wiki. Amejiondoa masomoni."

"Nani anamsaidia mizigo?"

Chungu alikasirika kwamba ameulizwa.

Siku ya kuhama alimkuta Shangazi kwenye ngazi, amekumbatia godoro peke yake, limemziba macho, mguu unapapasa kidato. Milango ya korido ilikuwa imefungwa, na nyuma yake redio zilisikika. Chungu alisimama muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kisha akapanda na kushika ncha ya chini.

Waliteremka hadi kwenye kona ya ngazi, godoro likagoma kupita.

"Umenisamehe?" aliuliza Shangazi kutoka upande wa pili, asionekane.

"Bado."

"Utanisamehe?"

"Sijui, Shangazi. Inua upande wako, tulisimamishe."

Walilisimamisha, likapita. Walirudi kuchukua masanduku ya vitabu, birika, na vikombe vilivyofungwa kwenye magazeti. Gari dogo la mizigo lilipoondoka, Shangazi hakupunga mkono. Alikuwa mbele na dereva, ameshikilia birika mapajani, anatazama mbele.

Chungu alimaliza na akatunukiwa shahada. Katika sura ya mwisho aliandika kwamba muda wa kudumu kwa kichujio unahitaji utafiti zaidi, na siku ya utetezi profesa mmoja alimuuliza kwa nini hakuufanya mwenyewe. "Nilikosa mashine," alijibu, na ilikuwa kweli, wakaendelea na swali jingine. Sasa anafundisha katika chuo cha ualimu. Shangazi, ambaye amerudi kwa dada yake na anafundisha historia jioni, humpigia simu mara mojamoja. Kuna siku Chungu hupokea, wakaongea habari za afya na za mvua. Kuna siku huitazama simu ikiita mpaka inanyamaza.