Komode ya Libuyu

Mama Émérance aliichukua simu ya binti yake, akaisogeza picha karibu na macho, akaipeleka mbali, kisha akairudisha.

"Haiko yenyewe," akasema.

Cibalonza alikuwa bado hajavua viatu. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja mpaka sokoni Birere, akapita katikati ya makochi yaliyochanika na vitanda visivyo na chaga, akainama kwenye matope ili aipige picha komode ile vizuri. Sasa alitaka kukaa tu.

"Mama, hii iko ya zamani. Umesema ya zamani."

"Niko naona. Lakini miguu waliibadilisha. Angalia rangi ya miguu na rangi ya juu."

Cibalonza aliangalia. Kweli, miguu ilikuwa na rangi nyingine. Hilo lilimuudhi zaidi kuliko kama mama angekuwa amekosea.

Mama Émérance aliwahi kuwa na komode, kabati fupi la droo lenye kioo juu. Marehemu mume wake alimletea kwa meli kutoka Bukavu walipooana, na kwa miaka mingi ndicho kitu alichokipangusa kabla ya kingine chochote asubuhi. Mwaka ule volkano iliposhuka mjini Goma, lava ilipita katikati ya mtaa wao wa Murara. Walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na godoro moja na sufuria. Waliporudi, mahali pa nyumba palikuwa na jiwe jeusi ambalo bado lilikuwa moto. Tangu hapo nguo za mama zilikaa kwenye mifuko, chini ya kitanda cha nyumba moja ya kupanga baada ya nyingine, na hakulalamika hata siku moja. Ila Cibalonza alipomaliza kujenga kwake Ndosho, akampa mama chumba chenye dirisha na kumwuliza anataka nini ndani, mama alijibu bila kufikiri: komode. Tena isiwe mpya. Zile mpya, alisema, ni unga wa mbao uliobandikwa karatasi. Zikipata unyevu zinavimba kama mkate.

Cibalonza alidhani ni kazi ya Jumamosi moja.

Komode ya kwanza waliyoiendea pamoja ilinuka sambaza. Aliyekuwa nayo aliiweka sokoni, akatunzia samaki wakavu ndani, na harufu ilikuwa imeingia kwenye mbao kabisa. Nyingine, ya Katindo, ilikuwa nzuri kwa mbele, lakini mchwa walikuwa wamekula mgongo wote. Halafu akaja Birindwa, mchuuzi wa vyombo vya nyumba vilivyotumika, mtu wa maneno mengi, akawaapia kwa jina la mama yake kwamba yake ilitoka kwenye nyumba ya Wabelgiji. Mama Émérance alivuta droo, akaigeuza juu chini. Sehemu ya chini ilikuwa ubao wa kreti, na jina la mafuta ya kupikia bado lilisomeka.

"Wabelgiji walikuwa wanapika na mafuta hii?" mama akauliza.

Birindwa alicheka. Cibalonza hakucheka. Siku hiyo, njiani kurudi, uvumilivu ulimwisha.

"Mama, ile komode yako iliungua. Haitarudi. Hata nikizunguka Kivu yote, sitaileta."

"Unafikiri sijue?"

"Sasa uko natafuta nini?"

Mama alishika kitambaa chake cha kichwa, kilichokuwa kikisumbuliwa na upepo, akaendelea kutembea juu ya mawe polepole, na Cibalonza akabaki nyuma yake na hasira isiyo na pa kwenda.

Wiki chache baadaye Birindwa alipiga simu. Safari hii hakuapa. Alisema kuna mama mmoja, Mukamugema, mkulima wa Kibumba, aliyekimbia vita na komode yake juu ya lori la viazi. Alikuwa amepanga chumba Majengo, lakini sasa mwenye nyumba alikitaka chumba chake, na mama huyo alikuwa anahamia kwa binti wa dada yake, mahali ambapo hata kitanda chake hakiingii. Anauza.

Walikwenda. Mukamugema alikuwa na umri sawa na Mama Émérance, labda kidogo chini, mrefu, mwenye sauti ndogo. Aliwapa kiti kimoja kilichokuwepo, akasimama mwenyewe. Komode ilijaza nusu ya chumba. Ilikuwa ya libuyu, mbao nyekundu na nzito, vishikio vya shaba, kioo chenye madoa ya kahawia pembeni. Mama Émérance alipitisha mkono juu yake, akavuta droo moja. Ilitoka bila kelele. Akairudisha, akaivuta tena.

"Mama?" Cibalonza akauliza.

"Njo hii, njo yenyewe," mama akasema.

Cibalonza alihisi mabega yake yakishuka. Mlangoni aliona mwenye chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa kusukuma, akisubiri na kamba zake. Birindwa alikuwa amemleta kabisa. Bei walishaelewana kwa simu. Ilibaki kutoa vitu ndani.

"Mungoje nitoe bitu byangu," Mukamugema akasema.

Alifungua droo ya juu, akatoa vitenge, akavikunja upya ingawa vilikuwa vimekunjwa, akaviweka kitandani. Akafungua ya pili. Alipofika ya chini alipiga magoti, akaifungua, akaangalia. Ndani mlikuwa na nguo za watoto, zimepangwa vizuri, na blanketi dogo la njano. Hakuzitoa. Aliifunga droo, akasimama, akachukua vitenge kitandani na kuanza kuvirudisha ndani, kimoja kimoja.

"Mama, si tulishaelewana?" Birindwa akasema.

"Ndiyo. Ungoje kidogo."

Akavitoa tena. Hakulia, na hakuna aliyemwuliza zile nguo ni za nani. Birindwa aliangalia saa, akasonya. Ndipo Mama Émérance akainuka kitini.

"Cibalonza, twende."

"Twende wapi?"

"Nyumbani. Siinunui."

Cibalonza alimfuata nje. Hakujali tena kama majirani wanasikia. "Umesema njo hii! Miezi yote hii naruka matope sababu yako, leo umeipata, unaikataa? Kama si wewe ni mwingine atainunua. Huyu mama anahama, mama. Anahama!"

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Ile yangu moto ilichukua," Mama Émérance akasema. "Nilishukuru sikuiona ikiondoka. Unataka huyu mama aone yake inaondoka, na moto yenyewe ikuwe mimi?"

Mama alishageuka, akarudi ndani. Kutoka mlangoni Cibalonza alimsikia akiuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya maharagwe, kama kule kwa binti wa dada yake kweli hakuna nafasi.

"Hakuna, mama. Hata mimi nitalala sebuleni."

"Mimi niko na chumba Ndosho. Komode ije ikae kwangu. Lakini ni yako. Siku utapata nyumba, utaichukua."

Mukamugema alimtazama. Akamwangalia na Cibalonza pia, kana kwamba anataka kujua kama ni mzaha.

"Na kama ikivunjika?"

"Hii? Itanizika."

"Tiroir hii, droo ya chini, nitafunga na ufunguo wangu."

"Funga."

Birindwa aliondoka bila kuaga, akiongea peke yake barabarani. Mwenye chukudu alitaka malipo yake, komode iuzwe isiuzwe, na Cibalonza ndiye aliyemlipa. Walitembea nyuma ya komode mpaka Ndosho, mama mbele kidogo akipiga kelele kila gurudumu la mbao lilipogonga jiwe, binti nyuma akiwa amekunja uso. Walipofika, haikupita mlangoni. Ilibidi kung'oa kioo, na skrubu moja ilikataa kabisa mpaka Cibalonza akaumia kidole. Alikaa chini kwenye baraza na kidole mdomoni, akajiambia kwamba hakuna mtu Goma nzima aliyehangaika hivi kwa ajili ya kitu cha mtu mwingine.

Mukamugema alianza kuja kila Jumamosi, akitoka kanisani kwao kwa Waadventista. Aliingia chumbani kwa Mama Émérance, mlango ukafungwa, na Cibalonza akasikia ufunguo, kisha kimya, kisha droo ikifungwa. Baada ya hapo wazee wawili waliongea mpaka jua likateremka, na mara nyingine walicheka kwa sauti kubwa hadi kuku wakatoka uani. Muda si mrefu vitenge vya Mukamugema vilijaza droo zote za juu isipokuwa moja, kwa sababu kule alikolala sebuleni watoto walivichezea. Nguo nyingi za Mama Émérance zilikuwa bado kwenye mfuko.

"Mama, si uliomba komode ya kuweka nguo?" Cibalonza aliuliza.

"Moja inanitosha. Mimi niko na nguo gani?"

Cibalonza alichukua ndoo na kitambaa akaenda kufanya usafi, kwani ndiyo namna yake ya kutotukana. Ilikuwa Jumamosi. Mukamugema alikuwa kitandani pembeni ya mama, amevua viatu, kabichi alizoleta ziko mlangoni. Cibalonza alilowesha kitambaa, akaanza na kioo cha komode.

"Mutoto wangu," Mukamugema akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Uko napanguza na nini?"

"Maji na sabuni, mama."

"Sabuni inaharibu. Madoa inaongezeka. Maji tupu, na kitambaa ya pamba."

Cibalonza aligeuka kumtazama mama yake, akitafuta mtu wa kumtetea. Mama Émérance alikuwa anaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo, mama," Cibalonza akasema, akaibeba ndoo kwenda kumwaga.