Sauti Iliyobaki Kwenye Flashi

Fundi kompyuta alipofariki, alimwachia mkewe mtoto wa mgongoni na flashi moja iliyobeba mfumo mzima wa kompyuta, Linux, tumboni. Ukiichomeka kwenye kompyuta yoyote, hata mkweche wa karakana, iliamka na mafaili yake yote na sauti aliyoirekodi fundi mwenyewe kwa ajili ya mkewe: "Umefika, mama? Haya, tufanye kazi." Zamani wateja walikuwa wakicheka. Siku hizi mtoto tu ndiye aliyekuwa akigeuza shingo kumtafuta msemaji.

Alasiri hiyo mjane aliipeleka kwa shemeji yake, aliyebaki na karakana ya kaka yake. Mfumo ulikuwa umezeeka, na kurasa za mtandaoni za masomo ya jioni ya mjane zilikataa kufunguka.

"Sasisha, shem, ila sauti yake isipotee. Ikipotea sina pa kumsikia tena."

"Kwanza tunatoa nakala ya flashi nzima. Mambo yakiharibika, tunarudi tulikotoka." Akachomeka, akakagua, akaguna. "Hii imeumia. Huwa unaichomoa wakati kompyuta bado inafanya kazi?"

Mjane akainama, akaivuta soksi ya mtoto ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Shem!"

"Ukiizima vizuri inaaga. Kwa sauti yake. Nilisikia 'kwaheri' mara moja tu baada ya msiba, nikaichomoa hapohapo. Tangu siku ile, naichomoa tu."

"Na mimi nilikuwa nalaumu panya wa kwako," shemeji akasema, lakini kicheko hakikutoka.

Akatoa nakala, akatengeneza palipoharibika, akahakikisha nafasi inatosha na waya wa umeme umekaa vizuri, ndipo akaanza kusasisha. Kijitaa cha flashi kikawa kinapepesa kama jicho la mtu mwenye neno. Hakuna aliyeigusa meza.

"Tayari. Sasa lazima izimwe vizuri. Nifunge spika?"

"Acha. Nitabonyeza mwenyewe."

"Haya mama, kwaheri," marehemu akasema, karibu kabisa, kana kwamba yuko nyuma ya shingo ya mkewe.

Rekodi haikuishia hapo. Kiti kikakwaruza sakafu, na kwa mbali, kutoka chumba cha ndani, mwanamke akaita huku akicheka: "Wewe! Unaongea na nani huko?"

Ilikuwa sauti ya mjane mwenyewe.

"Na wewe," mumewe akajibu.

Kioo kikawa cheusi, lakini kijitaa kiliendelea kupepesa. Mtoto akakinyooshea mkono. Mama akaushika, taratibu.

"Subiri, mwanangu. Mwache baba amalize."