Bluberi za Mzee Martini

Laurencia alirudi nyumbani Ganako miguu ikimuwaka baada ya kutwa nzima kwenye jiko la loji. Alikuwa na bakuli la bluberi, tunda dogodogo za buluu za kizungu, alizopewa na mpishi mkuu. Akampa baba yake, Mzee Martini, ambaye presha yake ilikuwa imegoma kushuka.

"Kula, baba. Zinasaidia mishipa ya moyo."

Mzee akaonja moja, akakunja uso. "Kali kama embe bichi." Basi akazila kama embe bichi: akazimwagia chumvi.

"Baba, si ndiyo chumvi aliyokukataza daktari?"

"Leo naila pamoja na dawa yake. Daktari atake nini tena, mwanangu?"

Laurencia hakuwa na nguvu ya kubishana. Alibeba kopo la chumvi, akaliweka kitandani chini ya mto wake, akalilalia.