Mchanga Ndani ya Eliamini

Jumatatu ya pili ya Machi 1948, saa mbili asubuhi, Eliamini wa Bombo, mkata mkonge katika shamba moja la tambarare chini ya milima, aliingia zahanati ya shamba akavua shati. Kuanzia kidevuni hadi kinenani ngozi yake ilikuwa angavu kama chimni ya taa, na vya ndani vyote vilionekana.

"Shikamoo, baba Ruthi," alisema dresa Melkizedeki, msaidizi wa matibabu wa hapo. "Inauma?"

"Marahaba. Haiumi. Nimefuata habari ya posho ya unga. Mlisema unga hauna mchanga. Haya, tazama. Mke wangu anachekecha, mchanga unapita tu. Mtoto wetu Ruthi leo siku ya nne hajapata choo."

Melkizedeki alimpa kikombe cha uji, akatazama. Alikuwa na mtihani mwezi Mei, na kitabu chake kilikuwa na picha moja ya viungo vya ndani, tena yenye madoa ya chai. Uji ulishuka katika umio kwa mikazo iliyofuatana, ukageuzwageuzwa katika mfuko wa chakula, ukaingia duodeni, kipande cha kwanza cha utumbo, ambako nyongo ilidondoka, ya kijani, kutoka chini ya ini. Mbele yake utumbo mwembamba, futi ishirini, ulitembea wenyewe bila kuamrishwa na mtu. Melkizedeki alivua kofia.

Mchanga ulibaki chini ya mfuko wa chakula.

Alhamisi Bwana Mganga, daktari wa serikali, alifika kutoka Same na madresa sita. Alitazama nusu saa, kisha akanyoosha penseli.

"Hiki?"

"Kongosho, bwana," alijibu Melkizedeki.

"Na pale?"

"Mchanga, bwana."

"Sikuuliza kuna nini. Nimeuliza mahali."

"Pilori, bwana. Mlango wa kutokea mfuko wa chakula."

"Vyema."

Eliamini alisubiri wamalize, akauliza kuhusu unga. Bwana Mganga alimjibu kwa upole kwamba posho ni kazi ya meneja. Eliamini alipokwenda, meneja alipima gunia mbele yake. Uzito ulikuwa kamili.

Mwezi Mei Melkizedeki alifaulu, akawa wa kwanza. Posho iliendelea kutoka ghala lilelile. Jioni wakata mkonge walipita kwa Eliamini, naye akapandisha shati, wajue wamekula nini.

"Leo kijiko kimoja," alisema jirani yake Loth. "Wametuhurumia."

Nyumbani Eliamini alikula kwanza. Mkewe Eliwaza alisogeza taa, akatazama mpaka uji ukafika chini na mchanga ukajitenga, kisha akampimia Ruthi nusu bakuli.