Mgeni Mwenye Kichwa cha Alizeti

Damari alikuwa uani kwake Ihanja anapepeta alizeti, mgeni wa binti yake akapiga hodi mchana kweupe. Alivaa shati la mikono mirefu, limepigwa pasi, na pale kinapokaa kichwa cha mtu palikuwa na ua la alizeti, bichi, pana kama ungo. Damari akamkaribisha, akamwekea kigoda kivulini. Ua likageukia jua, basi akamsogezea juani.

"Mama, ndiye!" Winfrida alitoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni. "Ndiye Alizeti wa kijiwe chetu! Si nilikwambia atakuja?"

Kijiwe chenyewe kilikuwa ndani ya simu. Huko mtu anaingia kwa jina la kujipachika na picha aitakayo. Msimamizi peke yake ndiye anayeona kila simu inaandika kutoka wapi, wanachama wengine hawaoni. Alizeti aliandika kwamba ni kijana wa miaka kumi na tisa, yuko Singida mjini, anakuja kumchukua Winfrida akafanye kazi dukani. Begi lilishafungwa.

Winfrida akamsogelea, furaha imemjaa hadi kooni, na mdomo ukatoa alicholelewa nacho.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," ua likaitikia papo hapo, kwa sauti nzito.

Damari akaweka ungo chini. Kijana angecheka, angesema acha hizo. Na sauti ile aliijua: ndiyo inayosoma matangazo kanisani kila Jumapili.

"Mzee Sostenes," akasema, "mkeo, mama Rahel, hajambo?"

"Hajambo," ua likajibu. Kisha likainuka, likaondoka.

Winfrida akaingia ndani, akafungua begi, akaanza kutoa nguo. Damari akakimbia kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Uso wake umeuona?" mwenyekiti akauliza.

"Hana uso. Ana ua."

"Sasa mama, nimwite nani?"

Msimamizi wa kijiwe naye, alipoandikiwa, akajibu kwamba siri za wanachama zinalindwa.

Jumapili Mzee Sostenes alisoma matangazo na ua lake vilevile. Wa nyuma waliomba tu asogee kidogo, anawaziba. Baada ya ibada akina mama wakamzunguka kumwomba mbegu, maana ile ilikuwa mbegu nzuri, nono. Damari akapita kwa kila mmoja, anawavuta kanga, anawaeleza. Walimsikiliza. Wakasema pole.

Mabinti wa kwaya ndio waliotangulizwa mbele kupokea mbegu, viganja wazi, wanachekelea. Damari akapaza sauti, akawaita mmoja mmoja kwa jina. Ngoma zilishaanza, hawakumsikia.